Profesa Moriarty alikufa kweli? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila anayevisoma visa vya mpelelezi Sherlock Holmes kwa mfululizo hufika mahali pamoja: ukingoni mwa maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, akichungulia chini na kujiuliza kama yule profesa aliyetumbukia alifia humo kweli. Maswali ni yale yale tangu enzi za mababu zetu, majibu ndiyo yanayozidi kuongezeka. Majina ya hadithi nimeyaweka kwa Kiswahili: "Tatizo la Mwisho" (1893), "Nyumba Tupu" (1903) na "Bonde la Hofu" (1914 hadi 1915). Kama hujazisoma, ishia hapa, maana siri zote zimeanikwa.

Moriarty ni nani hasa?

Ni mwanahisabati aliyegeuka kuwa bosi wa wahalifu wa London. Akiwa na umri wa miaka 21 aliandika kitabu kuhusu nadharia ya binomia kilichosifiwa Ulaya nzima, akapewa uprofesa katika chuo kikuu kidogo, kisha minong'ono mibaya ikamfuata mpaka akajiuzulu na kuhamia London kufundisha maofisa wa jeshi. Aliandika pia kitabu kuhusu mwendo wa asteroidi, kigumu kiasi kwamba, kwa maneno ya Holmes, hapakuwa na mwandishi wa magazeti ya kisayansi aliyeweza kukihakiki.

Yeye mwenyewe haibi wala haui. Amekaa kama buibui katikati ya utando wake, kila uzi ukitikisika anajua. Mtu akitaka nyaraka ziibwe au adui aondolewe, neno linamfikia profesa, anapanga, wengine wanatenda. Wakikamatwa, zipo fedha za dhamana na mawakili. Yeye hagusiki.

Anatokea katika visa vingapi?

Hapa wengi hushangaa. Katika riwaya 4 na hadithi fupi 56, anatajwa katika visa 7 tu, na viwili tu kati ya hivyo, "Tatizo la Mwisho" na "Bonde la Hofu", ndivyo vinavyomhusu kwa kina. Kwingine ni jina linalopita, mara nyingi likiwa na neno "marehemu" mbele yake.

Pale Reichenbach ilitokea nini?

Aprili 1891 Holmes alikuwa amebakiza siku chache tu polisi walinase genge zima. Moriarty akamfuata nyumbani kwake Baker Street, wakaambiana ana kwa ana kwamba mmoja akianguka, wawili wataanguka. Siku hiyo hiyo Holmes alikoswakoswa na gari la farasi wawili, akaangushiwa tofali kutoka juu ya paa, akavamiwa na mtu mwenye rungu. Jioni akaruka ukuta wa nyuma wa nyumba ya Daktari Watson, rafiki yake anayevisimulia visa hivi, na safari ikaanza: Canterbury, Newhaven, Brussels, Strasbourg, Geneva, mpaka kijiji cha Meiringen.

Tarehe 4 Mei walipanda kutazama maporomoko. Kijana wa Kiswisi akaja mbio na barua ya mwenye hoteli: Mwingereza mmoja mgonjwa wa kifua kikuu anakata roho, anataka daktari wa kwao. Watson akarudi hotelini. Hapakuwa na mgonjwa. Alipokimbia tena juu alikuta fimbo ya Holmes imeegemezwa kwenye mwamba, kasha la fedha la sigara, na barua ya kurasa tatu ambayo Holmes aliiandika, anavyosema mwenyewe, kwa hisani ya Moriarty aliyemsubiri amalize. Nyayo za watu wawili zilielekea ukingoni. Hapakuwa na za kurudi.

Ushahidi wa kifo chake ni upi?

Tuuhesabu vizuri, maana nadharia zote zinaota hapa.

Kwanza, nyayo. Zilithibitisha kwamba wote wawili walikufa, na miaka mitatu baadaye tukajua ushahidi huo ulikuwa na kasoro ya asilimia hamsini, kwa sababu Holmes alitokea hai. Pili, maiti. Haikupatikana hata moja. Watson anasema kuitafuta kulikuwa kazi bure. Tatu, shahidi wa macho. Yupo mmoja: Holmes. Anasema katika "Nyumba Tupu" kwamba alilala kifudifudi ukingoni akamwona profesa akianguka mbali, akagonga mwamba, akadunda, akatumbukia majini.

Basi. Hakuna daktari aliyepima wala kaburi. Tuna neno la mtu mmoja aliyekuwa ametoka kumdanganya rafiki yake kipenzi kwa miaka mitatu. Mimi binafsi naamini profesa alikufa, lakini naelewa kwa nini wengine hawalali.

Wanaosema alinusurika wana hoja gani?

Hoja yao kubwa ndiyo hiyo ya maiti, na ile ya pili ni ya kanuni: kama mwandishi aliweza kumtoa mmoja majini, kwa nini asimtoe na mwenzake? Tatizo ni ule mwamba. Holmes hakuanguka kabisa, alibaki juu. Moriarty alianguka na akagonga. Poromoko la juu la Reichenbach lina kina cha zaidi ya mita mia. Ukipanda leo kwa treni ya kamba, inayofanya kazi tangu 1899, utaona nyota iliyowekwa mlimani kuonyesha mahali pa pambano, na hamu ya kubisha itakupungua.

Pia Holmes anaendelea kumwita marehemu kwa miaka mingi, hata 1914 akiwa mzee mfuga nyuki. Katika kisa kimoja analalamika kwamba London imepoa tangu profesa afe. Anammisi! Mtu hammisi adui anayeamini bado yupo.

Kwa nini Moriarty alikwenda mikono mitupu, wakati Kanali Moran alikuwa juu ya jabali?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na sijaona jibu lililonitosheleza.

Kanali Sebastian Moran alikuwa msaidizi mkuu wa Moriarty, mwindaji wa chui wakubwa wa India, mlengaji hodari. Profesa alimlipa pauni 6,000 kwa mwaka, zaidi ya mshahara wa waziri mkuu. Genge lilikuwa na bunduki ya upepo isiyotoa sauti, iliyoundwa na fundi kipofu Mjerumani aitwaye Von Herder kwa agizo la Moriarty mwenyewe. Ndiyo bunduki ambayo Holmes alikuwa akiiogopa hata akafunga madirisha ya Watson.

Sasa fikiria. Adui amesimama peke yake kwenye njia nyembamba, hana pa kukimbilia. Mlengaji wako yuko juu yake. Badala ya risasi moja, profesa mzee mwenye mabega yaliyoinama anakwenda kupigana mieleka! Na akishaanguka, Moran anaanza kurusha mawe, kama mtoto anayefukuza nyani shambani.

Wapo wanaosema bunduki iliachwa London kwa sababu safari ilikuwa ya haraka; Moriarty alilazimika kukodi treni maalumu kuwafukuzia. Wengine wanasema profesa alikuwa amekata tamaa, genge limekamatwa, alitaka wafe wote wawili kwa mikono yake. Holmes mwenyewe anaelekea huko: anasema mtu yule alijua mchezo umekwisha, akabaki na kisasi tu. Naikubali kwa nusu. Buibui wa miaka yote hiyo hageuki kuwa mpiganaji wa mtaani kwa asubuhi moja. Nadharia ya tatu, yenye wafuasi wachache, ni kwamba Moran alikuwa na bunduki na hakutaka kuitumia mapema. Alisubiri bosi aondoke kwanza ili arithi kilichobaki. Hakuna mstari unaoithibitisha. Lakini isome tena "Nyumba Tupu" ukiwa na wazo hilo kichwani, utaona Moran hakuwahi kumlilia mtu.

Je, Holmes alimsukuma kwa makusudi?

Wanaoshikilia hivyo wana silaha moja kali: neno "baritsu". Holmes anaeleza kwamba aliponyoka mikononi mwa profesa kwa ujuzi wa mieleka ya Kijapani iitwayo baritsu. Mchezo wa kweli uliitwa bartitsu, na Mwingereza E. W. Barton-Wright, aliyekuwa ameishi Japani, aliuanzisha London mwishoni mwa miaka ya 1890. Holmes anadai aliutumia Mei 1891. Kwa hiyo, wanasema, alitunga: alisikia jina la mchezo baadaye, akalitia kwenye hadithi na hata hakulitamka sawasawa.

Jibu la kawaida ni kwamba mwandishi, Arthur Conan Doyle, alichanganya tarehe. Ni kweli. Ila kwa mashabiki jibu hilo ni marufuku, kwa sababu sharti la mchezo wetu ni kuchukulia kwamba Watson aliyaandika yaliyotokea, na Doyle alikuwa wakala wake tu.

Ongeza na hili: katika ile barua Holmes anakiri kwamba alijua mgonjwa wa hotelini ni uongo, akamwacha Watson aondoke makusudi. Alitaka kubaki na Moriarty bila shahidi. Hakimu yeyote angeinua nyusi.

Kama Moran alimwona akiwa hai, Holmes alikuwa anamficha nani miaka mitatu?

Hapo ndipo pagumu. Holmes anasema alijificha ili maadui waliobaki waamini amekufa, wajisahau, awanase. Lakini aliyemrushia mawe ni Moran, adui mkubwa kuliko wote, na alimwona kwa macho yake. Siri iliyobaki ilikuwa dhidi ya Watson, polisi na mwenye nyumba. Ndiyo maana wanaoamini alimsukuma profesa husema: hakuwakimbia majambazi, aliikimbia sheria.

Na safari zenyewe! Tibet kwa jina la Sigerson, Uajemi, akapita Makka, akamtembelea Khalifa wa Sudani huko Khartoum. Msomaji wa pwani yetu atasimama kwenye Makka na kuuliza Mwingereza asiye Mwislamu aliingiaje. Holmes anaitaja kama mtu aliyepita dukani kununua kiberiti. Na Khalifa Abdullahi wakati ule makao yake yalikuwa Omdurman, ng'ambo ya mto, si Khartoum iliyokuwa magofu. Wanaotafuta uongo katika simulizi hii hawahitaji tochi.

Nimesikia kwamba Moriarty hakuwahi kuwepo, ni Holmes aliyemtunga. Kweli?

Nadharia hii inapendwa kwa sababu Watson hajawahi kumwona vizuri. Anaona mtu mrefu akisukuma umati stesheni ya Victoria huku treni ikiondoka, na kivuli cheusi kikitembea haraka mlimani. Basi. Mengine yote kaambiwa na Holmes.

Lakini katika "Bonde la Hofu" Inspekta MacDonald alikwenda kumhoji profesa ofisini kwake. Waliongea habari za kupatwa kwa jua, profesa akamfafanulia kwa taa na tufe, na walipoagana akamwekea mkono begani kama baba anayetoa baraka. Mtu yupo, bwana. Inspekta kamgusa.

Hapo nadharia hubadilisha nguo: yupo, ila hana hatia; ni mwalimu mpole wa hisabati ambaye Holmes alimvika ujambazi kwa sababu za kichwani mwake. MacDonald mwenyewe alitoka akimwona mtu wa heshima. Cha kuipinga ni picha ukutani: mchoro wa Greuze, na Holmes anaeleza kwamba kazi moja ya mchoraji huyo iliwahi kuuzwa zaidi ya pauni 40,000, wakati mshahara wa profesa ni pauni 700 kwa mwaka. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaifanya.

Na ile ya kwamba aliyerudi London ni Moriarty aliyejifanya Holmes?

Inachekesha, na ina mbegu ya kweli. Doyle alipenda kusimulia habari za mwendesha mashua wa Cornwall aliyemwambia kwamba Holmes huenda hakufa alipoanguka, lakini tangu siku ile hakuwa tena mtu yule yule. Wasomaji wengi waliona visa vya baadaye vimepungua makali. Ronald Knox, aliyetoa mhadhara maarufu Oxford mwaka 1911 na kuwafundisha watu namna ya kuvichambua visa hivi kwa uzito wa kejeli kana kwamba ni maandiko matakatifu, alitoa maelezo yake: Holmes hakurudi, Watson alivitunga visa vilivyofuata. Wengine wakaenda hatua moja mbele wakambadilisha mtu mwenyewe.

Kinachoizika ni mama mwenye nyumba. Mrs Hudson aliyempikia miaka yote angetambua kwa kifungua kinywa cha kwanza.

Je, Moriarty alilitoa genge lake kafara?

Siku za mwizi arobaini, na genge lilikamatwa siku ya Jumatatu kama ilivyopangwa. Moriarty pekee ndiye aliyeponyoka, ingawa baadaye tunaambiwa wawili hatari zaidi waliachiwa huru na mahakama. Ajabu ni kwamba Moriarty alijua siku na alijua mpango, alimtembelea hata aliyeupanga, lakini hakuwaonya watu wake wakimbie. Nadharia inayosema alitaka polisi wamfagilie nyumba kabla hajaanza upya kwingine haina ushahidi wa moja kwa moja, ila inaeleza ukimya huo kuliko maelezo yoyote niliyoyasoma.

Kwa nini ndugu wawili wanaitwa James?

Doyle alisahau. Katika "Tatizo la Mwisho" anayeitwa James ni kaka mtu, kanali, anayeandika magazetini kumtetea marehemu. Miaka kumi baadaye profesa naye akaitwa James. Yupo na ndugu wa tatu, mkuu wa stesheni magharibi mwa Uingereza, ambaye jina lake halitajwi, na mashabiki wameshampa: James. Kuna wanaosema ndugu mmoja alianguka kwa niaba ya mwingine. Sawa.

Watson alimjua Moriarty au hakumjua?

Katika "Tatizo la Mwisho" anaulizwa kama amewahi kulisikia jina hilo, anajibu hajawahi. Katika "Bonde la Hofu", kinachotokea kabla ya hapo, anamjua vizuri. Maelezo rahisi: katika kisa cha kwanza Watson aliigiza kutojua ili msomaji aelezwe.

Alitokana na mtu wa kweli?

Anayetajwa zaidi ni Adam Worth, mzaliwa wa Ujerumani aliyekulia Marekani na kuendesha wizi wa kimataifa akiwa London. Mwaka 1876 aliiba mchoro wa Gainsborough wa Duchess wa Devonshire kutoka duka la Agnew. Polisi walimwita Napoleoni wa uhalifu, jina lile lile ambalo Holmes anampa Moriarty. Kwa upande wa hisabati, wengine wanamtaja mwanafalaki Simon Newcomb, ambaye hakuwa mwizi.

Kwa nini mwandishi alimtupa mtoni baada ya kisa kimoja tu?

Kwa sababu Moriarty hakuumbwa aishi. Doyle alikuwa amechoshwa na Holmes. Tangu 1891 alimwandikia mama yake kwamba anafikiria kumwua, mama akamkataza. Mwaka 1893 alifika Uswisi, akayaona maporomoko, akapata kaburi. Kilichobaki kilikuwa mtu wa kumsindikiza Holmes humo, mwenye hadhi inayolingana naye. Profesa aliletwa kama sanda.

Yule wa televisheni je? Alijipiga risasi kweli?

Katika tamthilia ya BBC iitwayo *Sherlock*, kipindi kilichorushwa tarehe 15 Januari 2012, Moriarty wa Andrew Scott alijipiga risasi mdomoni juu ya paa la hospitali ya St Bartholomew's. Tarehe 12 Januari 2014 uso wake ukatokea kwenye kila skrini ya Uingereza ukiuliza kama tumemkumbuka, na mashabiki wakawa kama nyuki waliochokozwa: damu ilikuwa bandia, alikuwa na pacha, maiti ilibadilishwa. Jibu likatolewa 2016 na 2017: alikufa, video alizirekodi akiwa hai.

Wapo waliokataa hata hapo. Baada ya kipindi cha mwisho cha 15 Januari 2017 walishawishika kwamba kuna kipindi cha nne cha siri kitakachorushwa Jumapili inayofuata. Tarehe 22 walikaa mbele ya televisheni. Ikaja tamthilia nyingine kabisa, *Apple Tree Yard*, na wapo waliosubiri mpaka majina ya waigizaji yakaisha kupanda.

Kwa Kiswahili nisome nini kinachofanana?

Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kuanzia *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960). Kiko, utulivu, na Najum anayeshangaa pembeni kama Watson. Ukoo unaonekana, ingawa hewa ni ya Unguja.

Yule kijana wa Kiswisi aliyeleta barua alikwenda wapi?

Alibaki na Holmes pale juu kama msindikizaji. Watson aliporudi hakumkuta, akahisi alikuwa amelipwa na Moriarty na kuwaacha wawili hao peke yao. Watson anaandika tu kwamba hakupatikana tena. Kwa hiyo duniani palikuwa na mtu mwingine aliyekuwa karibu na ukingo ule alasiri ya tarehe 4 Mei, anayejua nani alimlipa na labda aligeuka nyuma kutazama, na katika visa vyote 60 hakuna aliyekwenda kumuuliza.